Neno Linalokwenda na Kurudi

Mwaka tulipotimiza umri wa miaka 53 tulirudi kukaa kwenye benchi la mwanafunzi. Kwa miaka karibu 30 tulikuwa tumesimama upande wa ubao, tukiwaandaa wale watakaokuwa walimu, na siku za Jumamosi tukifundisha katekisimu parokiani. Kukaa tena mbele ya mwalimu, daftari likiwa magotini, si jambo jepesi kwa mtu aliyezoea kuwasahihisha wengine. Lugha tuliyojifunza ni Kihispania. Mwalimu wetu alikuwa mtawa mmoja kutoka Kolombia, aliyeishi katika nyumba ya masista hapa Bukavu. Katika masomo yote aliyotufundisha, tunataka kuwasimulia moja tu, lile la viwakilishi vya nafsi na maneno ya kumiliki, kwa maana somo lile lilifichua kosa tulilolifanya kwa miaka 12 bila kuliona.

Huenda mkauliza, kwa nini Kihispania? Hapa Kivu lugha hiyo si ngeni kabisa. Wazee wenu wanawakumbuka mafrateri wanne Wamarista waliozaliwa Hispania, waliobaki na wakimbizi kule Bugobe na kuuawa tarehe 31 Oktoba 1996. Wengi wenu mmewaona askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Urugwai, nao pia ni wasemaji wa Kihispania. Hata katika bara letu iko nchi moja, Gine ya Ikweta, ambayo Kihispania ni lugha yake ya serikali. Lakini tuseme kweli: tulianza kwa sababu Sista alijitolea kufundisha bure, na vijana watatu wa parokia walioomba somo hilo waliogopa kwenda peke yao. Tuliwasindikiza. Baada ya miezi miwili wao waliacha, sisi tukabaki.

Mwanzoni tulijivuna kidogo, kwa maana mtu aliyekulia katika Kiswahili anamkuta Mhispania karibu kuliko anavyodhani. Sisi tunasema “ninasema, unasema, anasema”, na silabi ya mwanzo inatosha kuonyesha nafsi; hakuna haja ya kutanguliza “mimi” au “wewe”. Mhispania naye anasema hablo, hablas, habla, na mwisho wa neno ndio unaomtaja msemaji. Akitamka yo, yaani “mimi”, au tú, yaani “wewe”, ni kwa kutaka kutia mkazo, kama nasi tunaposema: “Mimi sikuiba.”

Maneno ya kumiliki hayakutushinda pia. Katika Kiswahili neno la kumiliki linafuata kitu kinachomilikiwa: kitabu chetu, vitabu vyetu, nyumba yetu. Mhispania anafanya vivyo hivyo kwa nuestro, yaani “-etu”: nuestro libro ni kitabu chetu, nuestros libros ni vitabu vyetu, nuestra casa ni nyumba yetu. Na kuhusu viungo vya mwili, yeye na sisi tumekubaliana bila kukutana. Hatusemi “nimenawa mikono yangu”; twasema “nimenawa mikono”, basi. Naye anasema me lavo las manos bila kutaja mwenye mikono, kwa maana mikono itakuwa ya nani mwingine?

Jambo moja lilitupendeza zaidi. Neno la Kihispania la “sisi” ni nosotros, na asili yake ni maneno mawili yaliyounganishwa, nos na otros, yaani “sisi wengine”. Wanawake wakiwa peke yao husema nosotras. Ninyi mnajua kwamba sisi walimu wa zamani tulifundishwa kuandika “sisi” hata pale anaposema mtu mmoja, ili “mimi” isijitokeze mno. Basi tulifurahi kugundua kwamba ndani ya “sisi” ya Wahispania wamo “wengine”. Tulikiandika kitu hicho daftarini kwa wino mwekundu, bila kujua kwamba kitatuhukumu.

Ugumu ulianza tulipofika kwenye nafsi ya pili. Kihispania kina “wewe” mbili. Ya kwanza ni tú, ya mtu wa karibu: ndugu, rafiki, mtoto. Ya pili ni usted, ya heshima. Mnaojua Kifaransa mtasema mara moja kwamba ni kama tu na vous. Inakaribia kuwa hivyo, ila kuna tofauti moja kubwa. Vous ya Kifaransa inamfanya mtu mmoja aonekane kama watu wengi. Usted inafanya jambo jingine: inamhamisha mtu kutoka nafsi ya pili hadi ya tatu. Kwa rafiki utasema tú tienes, “wewe unayo”. Kwa mtu wa heshima utasema usted tiene, na tiene ni neno lile lile la “yeye anayo”. Sababu yake ni ya kihistoria. Zamani Wahispania walimwambia mtu wa heshima vuestra merced, maana yake “fadhila yenu”. Hawakumwambia “unasemaje?” bali “fadhila yenu yasemaje?” Kwa kutamkwa haraka karne kwa karne, maneno hayo mawili yalisagika yakawa usted.

Jambo hilo nasi tunalo. Mama wa jikoni parokiani anapomuuliza padri, “Padri atakula sasa?”, hasemi habari za padri mwingine. Anasema na yule aliye mbele yake, lakini kwa heshima anamzungumzia kana kwamba yuko mbali kidogo.

Siku moja Sista alitaka tufanye mazoezi na mtu mwingine. Alimwita mpishi wa nyumba yao. Mzee yule alikuwa amewapikia masista wasemao Kihispania kwa zaidi ya miaka 20, akaipata lugha yao pale pale mekoni, bila daftari wala mwalimu. Sista alituambia, “Muulizeni jina lake.” Zoezi la mtoto! Tulimgeukia mpishi, tukasema kwa sauti ya kujiamini: ¿Cómo te llamas? Yaani, “Unaitwaje?”, kwa tú ya mtoto na rafiki. Naye akajibu vizuri kuliko sisi. Alitaja majina yake yote matatu, kisha akatuuliza kwa adabu, ¿Y usted? “Na ninyi?”

Sista aliweka chini chaki. Alituuliza kwa upole, “Mwalimu, kati yenu wawili mkubwa ni nani?” Mpishi alituzidi miaka 11. “Mmejuana tangu lini?” Miaka 12. “Basi kwa nini ninyi mmemwambia tú, naye amewaambia usted?”

Tulijibu kwamba ni kosa la sarufi. Haikuwa kweli, na tulijua. Kwa miaka 12 tulikuwa tukipita katika nyumba ile kwa shughuli za katekisimu. Tulimwita mzee yule kwa jina lake la ubatizo, kavu, bila “Baba” mbele yake. Katika Kifaransa tulimwambia tu, naye alitujibu vous. Katika Kiswahili chetu cha hapa, ambamo mtu mzima huamkiwa kwa wingi, “Jambo yenu, Baba”, sisi tulimwambia “wewe”, naye akituambia “ninyi, Mwalimu”. Majina yake mengine mawili tuliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulimkumbuka baba yetu mzazi. Katika ujana wake alikuwa karani katika shamba la kwinini, kabla ya uhuru. Msimamizi Mzungu, kijana kuliko yeye, alimwambia tu kila siku, naye alipaswa kujibu vous. Baba hakupenda kusimulia mapigo wala njaa, lakini neno hilo dogo alilirudia mpaka uzeeni. Wala hakuwa peke yake. Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba aliposimama mbele ya mfalme Baudouin huko Léopoldville, alitaja machungu mengi ya ukoloni: kazi ya kuchosha, mishahara isiyotosha, ardhi iliyonyang'anywa. Na kati ya machungu hayo makubwa aliona inafaa kutaja kiwakilishi. Aliwakumbusha wote kwamba Mweusi aliambiwa tu, na haikuwa kwa urafiki, bali kwa sababu vous ya heshima ilikuwa imewekwa kwa Weupe peke yao.

Tumeifundisha hotuba hiyo darasani mara nyingi. Tumewaeleza wanafunzi sehemu ile kwa hasira ya haki. Kisha tukatoka darasani, tukaenda kwa masista, tukamwambia mpishi “wewe, lete chai”.

Hata hivyo, vijana, moyo wa mtu una milango mingi ya kutorokea. Tulijiambia kwamba ni mazoea tu na hakuna ubaya. Ilibidi tupate somo la pili, na somo hilo lilikuja kwa neno lenye herufi mbili, su.

Katika Kihispania, mi ni “-angu”, na tu, isiyo na alama juu ya herufi, ni “-ako”. Lakini su inabeba mzigo mkubwa mno. Kwa kuwa usted imehamia nafsi ya tatu, neno lake la kumiliki limehamia pamoja nayo. Kwa hiyo su libro inaweza kuwa kitabu chake yeye mwanamume, chake yeye mwanamke, chao, chenu, au chako wewe unayeheshimiwa. Wahispania wakiogopa kukosana huongeza maneno: el libro de usted, el libro de él. Wasipoongeza, msikilizaji hutafuta maana ndani ya mazungumzo, au ndani ya moyo wake.

Daftari letu lilipotea. Tulimwandikia Sista ujumbe kwa simu tukimuuliza kama ameliona. Alijibu kwa maneno machache: Su cuaderno está en la cocina. Tulisoma: “Daftari lake liko jikoni.” Lake nani? Jikoni kuna mtu mmoja tu. Basi, tukawaza, mpishi ana daftari lake, nasi letu hatujui liliko. Na wazo moja huita jingine. Ni nani anayefagia chumba cha masomo? Ni nani anayependa Kihispania, wala hana daftari? Kabla ya jioni mashitaka yalikuwa tayari, shahidi hayupo, na hakimu ni sisi. Tulinunua daftari jingine. Katikati ya juma tulipita pale kwa shughuli nyingine, mpishi akatuamkia, nasi tukamjibu kwa nusu mdomo.

Jumamosi iliyofuata alitupokea mlangoni akiwa na kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Lilikuwa daftari letu. “Mwalimu,” alisema, “paa linavuja pale juu ya meza yenu. Niliona mvua inakuja, nikalipeleka jikoni. Sista aliniambia amekwisha kuwaarifu.”

Alikuwa ametuarifu kweli. Aliandika “daftari lenu”, kwa heshima, nasi tukasoma “daftari lake”. Katika Kiswahili “lako” na “lake” zinatofautiana kwa herufi moja. Katika Kihispania cha heshima hazitofautiani hata kidogo. Ndiyo, neno lina utata. Lakini kati ya maana zote zilizokuwamo tulichagua ile iliyomweka mpishi mahali pa mwizi, na chaguo hilo halikutoka kwenye sarufi. Mtu ambaye kwa miaka 12 hukumpa “ninyi” ya heshima, siku moja utamfanya “yule”, na “yule” ni rahisi kumshitaki.

Hatukuweza kuendelea na somo. Tulimfuata jikoni. Alikuwa akimenya viazi. Kwa Kiswahili maneno yalikataa kutoka, kwa maana “sisi” yetu ya kialimu ni vazi pana, na mtu aweza kujificha ndani yake. Tulisema kwa lugha ile ambayo sote wawili tulijifunza ukubwani: Yo le pido perdón. Maana yake: “Mimi ninaomba radhi kwenu.” Sista alikuwa ametufundisha kwamba yo haihitajiki ila pale msemaji anapotaka kujitaja waziwazi. Pale ilihitajika. Kisha tukamweleza yote, pamoja na habari ya daftari.

Aliendelea kumenya viazi kwa muda. Hakusema kwamba si kitu. Alisema: “Sista mkubwa wa kwanza aliniita tú. Nami nilimwita tú, na tulikuwa tukigombana na kupatana kama ndugu. Huyu wa sasa ananiita usted, nami namwita usted. Wote wawili waliniheshimu. Neno lilikuwa likienda na kurudi. Neno lako... samahani, Mwalimu, lenu, lilikuwa likienda tu.”

Vijana wapendwa, katika miaka yote ya kufundisha sarufi hatujasikia maelezo bora kuliko hayo. Na ukiwatazama watu wasemao Kihispania duniani, utaona kwamba mzee yule alisema kweli. Huko Hispania leo watu wasiojuana huambiana tú kwa urahisi, na wanafunzi wengi huwaita walimu wao tú, wala hakuna anayeudhika. Huko Bogotá, alikokulia Sista, mama aweza kumwita mtoto wake usted, na marafiki wakaitana usted, na ndani yake mna upendo mwingi. Huko Argentina na Urugwai rafiki huitwa vos. Wahispania wana vosotros kwa kundi la marafiki na ustedes kwa kundi la kuheshimiwa. Amerika ya Kilatini ina ustedes peke yake kwa wote. Kwa hiyo hakuna kiwakilishi kilicho na dharau ndani yake chenyewe, wala kilicho na heshima ndani yake chenyewe. Pima kwa jambo moja: je, neno ninalompa mwenzangu, yeye ana ruhusa ya kunirudishia?

Msituelewe vibaya. Mtoto kumwambia babu yake “ninyi” huku babu akimwambia “wewe” si dhuluma, kwa maana mtoto huyo naye atakuwa babu, na neno litarudi kwa zamu yake. Lakini mpishi wetu angengoja mpaka lini? Alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Jambo hili linagusa hata sala. Wahispania wanaposali Padre nuestro humwambia Mungu tú. Wafaransa walisali sala hiyo hiyo kwa vous mpaka mwaka 1966, ilipopokelewa tafsiri mpya yenye tu. Wazee wetu waliosali kwa Kifaransa kabla ya hapo walimwambia Mungu vous asubuhi, kisha wakaenda kazini kuambiwa tu na msimamizi mchana kutwa. Leo kila mmoja wetu ana ruhusa ya kumwambia Muumba wa mbingu na dunia “wewe” bila kuogopa. Nasi tutampimia kwa kipimo gani jirani anayetupikia chai? Tena katika sala ile tunasema “Baba yetu”. Hiyo “-etu” ni nuestro, nayo ni ya wale “wengine” tuliowaandika kwa wino mwekundu. Haituruhusu kumwacha mpishi nje ya mlango.

Sasa tumalizie kwa kazi ya nyumbani, kwa maana mwalimu ni mwalimu. Juma hili, kila mmoja wa kikundi chenu awatafute watu watatu anaowaambia “wewe” nao wakimjibu “ninyi”, au wanaonyamaza kwa sababu hawana neno la kumrudishia. Huenda ni msichana anayewafulia nguo nyumbani. Huenda ni mlinzi wa shule, au mama anayebeba mizigo mgongoni kutoka bandarini, ambaye vijana humpigia kelele “wewe, pisha!” Huenda ni dereva wa pikipiki mwenye umri wa baba yenu. Waulizeni majina yao yote, sio moja. Kisha chagueni neno mtakalowaita, mkijua kwamba nao wana haki ya kuwarudishia hilo hilo.

Sisi bado tunakosea Kihispania. Vitenzi vyake vingi vinatushinda, na mpishi hutusahihisha bila huruma, mkono kiunoni. Tumepatana kuitana usted siku za somo. Kwa Kiswahili tunamwamkia “Jambo yenu, Baba”. Mara mbili tatu “wewe” ya zamani imetuponyoka. Hutazama tu, akangoja, nasi tukairudia sentensi toka mwanzo.

Katekista wenu